Chai ya alasiri kwenye hoteli kubwa za Arusha: kagua buli kabla ya stendi

Hoteli za kifahari za Arusha, za mjini na zile zilizo mashambani upande wa Burka na Usa River, kwa kawaida huandaa chai ya alasiri kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Mpangilio ni wa Kiingereza: stendi ya sahani tatu za vitafunwa zilizopangwa moja juu ya nyingine, buli, maziwa kando. Stendi haikosi kupendeza kwenye picha. Kinachoangusha mara nyingi ni chai yenyewe, na kwa bei inayotozwa mteja ana haki ya kuuliza kwa nini.

Tatizo linaanzia kwenye mwinuko. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yanachemka yakifika nyuzi 95 tu, wakati majani meusi yanahitaji maji ya moto kadiri inavyowezekana. Hakuna joto la kupoteza njiani. Maji yakiwekwa kwenye chupa, yakangoja mhudumu, kisha yakamiminwa kwenye buli lenye ubaridi wa kabatini, kikombe kinakuwa na rangi bila ladha. Hoteli inayoijua kazi yake hulisuuza buli kwa maji ya moto, huweka majani, halafu humimina maji yakiwa bado yanatokota. Buli la nusu lita linataka gramu 5 hadi 6 za majani. Yale ya punjepunje, ambayo ndiyo mengi nchini, yanatosheka na dakika mbili au tatu. Majani mazima yaliyosokotwa yapewe nne au tano. Zaidi ya hapo uchungu unaanza, kwa hiyo buli zuri lina chujio la kutoa, au mhudumu anakuletea buli la pili tupu la kuhamishia.

Vifuko si dhambi, ila hesabu ifanywe. Kifuko kimoja kina gramu 2 hivi, yaani kikombe kimoja. Ukiona uzi mmoja unaning'inia kwenye buli la watu wawili, omba kifuko kingine kabla hujamimina.

Halafu kuna suala la maji, ambalo kwa Arusha halikwepeki. Maji mengi ya ardhini kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, madini yanayodhuru meno yakizidi, na kuyachemsha hakuiondoi; kwa kuwa sehemu ya maji inaondoka kama mvuke, kiwango kinapanda kidogo. Majani ya chai nayo yana floraidi yake. Mengi ya maji hayo pia yana asili ya magadi, na magadi huifanya chai kuwa nyeusi na iliyofifia hata ikiwa majani ni machache. Kipimo rahisi ni kudondoshea limau kwenye kikombe cha chai ya rangi. Chai yoyote itang'aa kidogo, lakini ikiwa ilikuwa nyeusi tii ilhali ladha yake ni nyepesi, shuku maji kwanza. Kumuuliza mhudumu kama jikoni wanatumia maji yaliyosafishwa kwa mtambo si ukorofi. Hoteli inayoyasafisha italijibu swali hilo bila kusita.

Kwa nini tusiseme wazi: ukiwa na shaka na buli, agiza chai ya maziwa ya kupikwa, yenye tangawizi na iliki. Majani yanachemka ndani ya sufuria kwa dakika kadhaa, na muda huo unafidia nyuzi zilizopungua. Si ajabu kwamba chai bora ya hoteli nyingi ni ile wanayojipikia wafanyakazi.

Sasa stendi. Huliwa kuanzia chini kwenda juu: sandwichi, skonzi, kisha keki ndogo. Sandwichi zikatwe baada ya oda. Kingo zikiwa zimejikunja, zilikatwa mapema zikaachwa kwenye hewa kavu. Ya tango hulowa pale siagi inapopakwa katikati tu. Siagi ikifika hadi pembeni inazuia maji ya tango yasiingie kwenye mkate.

Skonzi ya chai hii siyo ile ya hamira ya dukani. Inaumuliwa kwa beking pauda, na kwenye mwinuko huu pauda inapaswa kupunguzwa kidogo kuliko kipimo cha kitabu cha pwani au cha Uingereza. Isipopunguzwa, skonzi inapanda haraka, inaanguka, na inaacha ladha ya sabuni ulimini. Iliyopashwa kwenye maikrowevu utaitambua: laini kwa dakika tatu, kisha ngumu kama raba. Malai mazito ya Kiingereza, yale yanayopikwa taratibu hadi yakagandamana, ni nadra kuyapata hapa. Utaletewa krimu iliyopigwa. Hilo linasameheka. Jamu ya pakiti ya plastiki haisameheki, kwenye mji wenye pesheni na maembe ya kumwaga.

Keki za juu hazina la kusema sana. Sukari nyingi, mapambo mengi. Afadhali hoteli zinazoweka kashata, visheti au sambusa ndogo za moto.

Mambo ya malipo yaulizwe kwa simu, siku moja kabla. Je, bei ni ya mtu mmoja au ya stendi nzima? VAT imo? Wasiolala hotelini wanaruhusiwa? Loji za mashambani nyingi hutaka jina lako liwepo getini. Chai ikiwa imo kwenye gharama ya chumba, hakikisha haitozwi tena kwenye bili. Bei itajwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Anayetaka kuona mlima achague meza ya saa kumi na nusu kuliko ya saa tisa. Meru na Kilimanjaro hujifunika mawingu mchana, na kama yataachia, mara nyingi ni kuelekea machweo. Kuanzia Juni hadi Agosti beba sweta: chai barazani hupoa kabla hujamaliza sandwichi ya pili.