Nimemaliza kozi ya Kifaransa ya kiwango cha kati chuoni: uchambuzi wangu bila kupaka mafuta

Haya, karibuni tena. Leo hakuna boksi la kufungua. Nilicho nacho mezani ni daftari limechakaa kingo zote, kitabu cha mazoezi, na karatasi ya insha yenye wino mwekundu mpaka inatia huruma. Bidhaa ya leo ni kozi. Kifaransa, kiwango cha kati, cha chuo kikuu. Muhula mmoja, wiki 14, saa 4 kwa wiki. Nimefaulu, na bado nina kinyongo nayo kidogo.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu hilo neno "kati". Baraza la Ulaya lilitoa mfumo wa viwango vya lugha mwaka 2001, kuanzia A1 mpaka C2, na vyuo vingi hupanga kozi zao kwa ngazi hizo. Kati ni B. Kwenye B1 unaweza kusimulia jambo lililokupata, kueleza unachotaka na kwa nini, na kujikwamua safarini. Kwenye B2 unabishana na mwenye lugha yake bila yeye kuchoka na bila wewe kutoka jasho. Kozi yangu ilijitangaza kuwa B1, na kwa upande wa sarufi ni kweli. Kwa upande wa masikio, subirini nitafika huko.

Niliingiaje? Kwa mtihani wa kupima kiwango, wa kuchagua jibu kwenye kompyuta. Sasa mimi, jamani, kwenye kuchagua jibu ni fundi. Ukiniwekea majibu manne nitanusa moja. Basi kompyuta ikasema huyu wa kati, nikaenda kukaa darasani nikiwa na kanuni zote kichwani na sina hata sentensi moja mdomoni. Kama mtihani wenu ni wa namna hiyo, msijisifu na matokeo yake.

Haya, sarufi. Hapa nataka nikae, kwa sababu kuna kitu hakuna aliyeniambia, nikakigundua mwenyewe wiki ya nne: sisi wenye Kiswahili tunaingia kozi hii na nusu ya mzigo tumeshaubeba.

Chukua subjonctif, umbo la kitenzi la matakwa, lazima na hisia. Mada inayoogopwa na kila mtu. Darasani watu walikuwa wanaandika majedwali, wanakariri, wanahema. *Il faut qu'il aille.* Sasa liseme kwa Kiswahili: lazima a-en-de. Umeona hiyo e ya mwisho? Hukusema "lazima anaenda". *Je veux que tu viennes*, nataka uje. Ile e yetu ndiyo subjonctif yao. Na *j'espère qu'il viendra*, ambayo Kifaransa hakitaki subjonctif? Natumaini atakuja. Hata sisi hapo hatuweki e. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu maktaba.

Lakini msilewe. Kuna nusu ya pili ambapo Kiswahili kinakuacha barabarani. *Je suis content que tu sois venu*, nafurahi kwamba umekuja: wao subjonctif, sisi hapana. *Bien qu'il soit malade*, ingawa anaumwa: vilevile. Kwa hiyo hisia zote, na hiyo *bien que*, ni za kukariri tu. Kwenye amri, lazima na matakwa, sikiliza e yako.

Na viwakilishi? *Je le vois.* Wenzangu wengine walikuwa wanataka kuiweka *le* mwishoni, mhadhiri anakataa, wanairudisha, wiki mbili nzima. Mimi nikiangalia naona ninamwona. Ni-na-mw-ona. Mtendwa ameshakaa mbele ya mzizi wa kitenzi, nimekuwa nikisema hivyo tangu nijue kusema! Hata *en*, ile inayowatoa watu machozi. Una vitabu vingapi? Unaweza kujibu "nina vitatu", lakini pia unaweza kusema ninavyo vitatu. *J'en ai trois.* Hiyo -vyo yetu ndiyo kazi ya *en*. Shida inaanza wanapobebana wawili, *je le lui donne*, nampa hicho, kwa sababu sisi kwenye kitenzi tunambeba mmoja tu, nampa, basi. Hapo nilihangaika kama wengine.

Nyakati zilizopita nazo nilizipatia mlango wa nyuma. Passé composé, ya jambo lililotokea na kwisha, au imparfait, ya jambo lililokuwa likiendelea? Nilijiuliza: kwenye hadithi, hapa ningeweka -ka-? Aliingia, akakaa, akafungua daftari. *Il est entré, il s'est assis, il a ouvert son cahier.* Kama jambo linasukuma hadithi mbele, passé composé. Kama ningesema "nilikuwa nakula" mwalimu alipoingia, basi *je mangeais*. Haikosi sana. Inakosa kwenye vitenzi vya kujua na kutaka, ambapo sisi tunasema "nilijua" kwa yote mawili na wao wanatofautisha: *je savais*, nilikuwa najua siku zote, *j'ai su*, ndipo nilipopata habari. Hilo liliniangusha mara mbili.

Na sasa hii karatasi. Ngoja niisogeze kwenye kamera… mnaona duara hili? Na hili. Na hili. Tisa. Insha moja, kosa moja, mara tisa. Mada ilikuwa ungefanya nini ukipewa mwaka mzima bila kazi. Nikaandika kwa raha zangu zote: *Si j'aurais le temps, je voyagerais.* Mhadhiri ameandika pembeni, someni: *les « si » n'aiment pas les « rais »*. Ni msemo ambao watoto wa Kifaransa hufundishwa shuleni: *si* haipendi kukaa na kitenzi kinachoishia kwa -rais. Inatakiwa *si j'avais*.

Kwa nini mara tisa? Kwa sababu ningekuwa na muda, ningesafiri. Nge huku, nge kule. Kiswahili kinazitaka zote mbili, na mkono wangu ukaandika Kiswahili kwa herufi za Kifaransa. Lugha ileile iliyonibeba kwenye subjonctif ikanimwaga hapa. Mhadhiri hakujua nimetokea wapi na kosa hilo, aliona mtu mkaidi tu. Ndiyo maana nawaambia nyinyi: kosa hili linatusubiri sisi hasa, liwindeni kabla ya kukusanya insha.

Sawa, tuache sarufi, kwa sababu kozi yenyewe haikutaka kuiacha na huo ndio ugomvi wangu mkubwa.

Wiki ya sita tulipewa mtihani wa kusikiliza. Watu wawili wanahamisha friji. Dakika moja na nusu. Mimi niliyejua plus-que-parfait, wakati wa jambo lililotangulia jingine lililopita, hata ya vitenzi vya kujirejea, sikuambulia kitu. Nasikia "shepa", "shepa". Nikaandika pembeni ya karatasi *chépa* kama neno jipya, nikitafute kwenye kamusi! Mara ya tatu ndipo likanijia: *je ne sais pas*. Ile *ne* tuliyofundishwa kuiweka bila kusahau, kwenye mazungumzo wao wenyewe wanaimeza. *Je* na *sais* zinagongana zinakuwa "she". Nani aliwahi kunifundisha hivyo? Hakuna. Kitabu kizima kina watu wanaozungumza kama wanasoma taarifa ya habari.

Na swali la mwisho la mtihani huo: ufunguo uko wapi? Mtu anasema *au-dessus*. Juu. Nikaweka alama kwenye *au-dessous*, chini. Tofauti ni irabu moja. *Ou* ni u yetu, haina tatizo. Ile *u* yao hatuna kabisa. Jaribuni pamoja nami, msione haya, hakuna anayewaona: semeni iii. Msisogeze ulimi. Sasa midomo ifanyeni kama mnazima mshumaa. Iii… üüü. Hiyo ndiyo. Ulimi wa i, midomo ya u. Dakika moja ya maelezo, jamani! Nimeipata kwa mwanafunzi mwenzangu kwenye ngazi za jengo, darasani haikutajwa.

Kitabu cha mazoezi sina mengi. Karatasi nzuri, picha nyingi, mada ni zilezile: mazingira, mitandao, kazi, safari. Sehemu yake ya mtandaoni ndiyo ovyo. Unapewa namba ya siri, muhula ukiisha na yenyewe inakufa, pamoja na mazoezi yako yote. Na mashine yake haina utani: umeandika jibu sahihi, umesahau kimkwaju kimoja juu ya e, kosa. Sifuri. Nilikubaliana nayo mwishoni kwa shingo upande, maana *il a mangé*, amekula, na *il mange*, anakula, si kitu kimoja.

Kilichonifanya nisiiponde kozi hii moja kwa moja ni exposé. Kila mtu alitakiwa kusimama dakika 10 mbele ya darasa aeleze jinsi ya kufanya jambo analolijua. Karatasi ya vidokezo ruhusa, kusoma marufuku. Nikachagua kuziba pancha ya baiskeli. Tyubu nilishatafuta, *chambre à air*. Pampu, *pompe*. Nikaenda vizuri, gurudumu limetoka, tundu limepatikana kwenye maji, nimekwangua na msasa, nikafika kwenye kiraka… neno sina. Sikulitafuta! Nimesimama, watu 26 wananiangalia, mkono uko hewani umeshika kitu ambacho hakipo.

Nikasema polepole: *c'est le petit morceau de caoutchouc qu'on colle sur le trou, et dont on a besoin pour… pour que l'air ne sorte pas.* Kipande kidogo cha mpira kinachobandikwa kwenye tundu, ambacho tunakihitaji ili hewa isitoke. Mhadhiri akatabasamu: *une rustine*. Na mimi nikarukia: *voilà, une rustine!* Darasa likacheka, nikaendelea.

Hebu rudini kwenye sentensi ile. Ina *que*, ina *dont*, ina subjonctif baada ya *pour que*, na sikuwaza hata moja. Nilikuwa natafuta kiraka. Wiki 14 za majedwali hazikunipa kitu kama zile sekunde 20. Na exposé ilikuwa mara ngapi muhula mzima? Moja.

Angalieni na mgawanyo wa alama. Kuandika na sarufi 60, kusikiliza 15, kuzungumza 15, mahudhurio na kazi za nyumbani 10. Sasa linganisheni na DELF, mtihani wa wizara ya elimu ya Ufaransa ulioanza mwaka 1985. Kule sehemu ni nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Unafaulu kwa 50, lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote, umeanguka hata kama nyingine umezijaza. Masikio kule huwezi kuyaficha nyuma ya insha. Mimi kwenye kozi niliyaficha, nikafaulu vizuri tu. Kama lengo lako ni cheti hicho, kozi kama yangu itakuandaa vyema kwa nusu ya mtihani.

Kwa hiyo nani achukue? Aliyekwama. Yule anayejifunza kwa programu ya simu kwa miaka miwili na bado anaagiza maji tu. Atapata mtu wa kumsahihisha insha kwa mkono, na hilo hakuna programu iliyonifanyia vile. Kama bado unajikuna kichwa kwenye vitenzi saidizi *être* na *avoir* za passé composé, rudia ngazi ya chini bila aibu, wiki ya pili utaachwa. Na kama unachotaka ni kuongea tu, kozi peke yake haitakutosha. Mimi niliongeza dakika 10 kila asubuhi za habari za RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, zile za Kifaransa chepesi, mara ya kwanza bila maandishi, ya pili nikisoma, na mwenzangu yule wa kwenye ngazi nikawa namlazimisha tuongee tukienda darasani. Tulikuwa tunaongea vibaya sana.

Kabla ya kujiandikisha, mwandikieni mhadhiri maswali mawili: darasa lina watu wangapi, na kuzungumza kuna alama ngapi. Akijibu 40 na 10, tafuteni kundi jingine. Akijibu 15 na 30, kimbieni mkajiandikishe kabla hapajajaa.

Mimi nimeshajiandikisha ya B2. Safari hii niliuliza. Watu 18, exposé tatu, na ya kwanza ni wiki ya pili, sijachagua mada. Kama mna jambo mnalotaka nilieleze kwa Kifaransa nikiwa natetemeka, andikeni hapo chini. Baiskeli hapana, nimeshaimaliza.