Ukuta wa mapokezi: kabla hujanunua rangi, nunua taa

Rangi ya kampuni yetu ni damu ya mzee. Bosi aliichagua mwenyewe miaka ile tulipokuwa watu watatu na meza moja, na hataki kusikia nyingine. Basi mwaka jana tulipohamia ofisi mpya Kijitonyama, mapokezi nikakabidhiwa mimi. Nikapakisha ukuta, nikachongesha herufi za jina, nikaagiza viti viwili vya wageni vya kitambaa, vyote damu ya mzee. Saa saba mchana ilikuwa raha kutazama. Nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu la ofisi, nikapongezwa.

Hafla ya ufunguzi ilikuwa jioni. Jua likazama, taa zikawashwa, na ukuta wangu ukageuka maini. Maini yaliyolala. Herufi zikabaki na wekundu wao, viti vikawa zambarau. Mteja wetu mmoja wa siku nyingi, mama mtu mzima, akanivuta pembeni akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hizi rangi tatu zina maana gani?"

Nilipoandika kisa hiki kwa kifupi, wasomaji wanne walinitumia picha za mapokezi yao. Wa Arusha ana kijani kinachogeuka ugoro kila ikifika magharibi. Ndiyo maana nimekaa kuandika huu mwongozo. Habari za urefu wa meza, sofa ya kuosha na chungu cha maua kila fundi atakueleza, tena bila kuulizwa. Mimi nataka tuzungumze kuhusu taa.

Ukuta hauna rangi yake peke yake. Unarudisha kile ulichopewa na taa, na taa ikiwa haina wekundu wa kutosha, ukuta utautoa wapi? Juu ya hapo, rangi ya ukutani, plastiki ya herufi na uzi wa kitambaa hutiwa rangi kwa malighafi tofauti. Vinaweza kufanana kama mapacha juani, ukaviingiza chini ya taa kila kimoja kikaenda kwao. Hakuna aliyekudanganya dukani. Ulichagua mlangoni, kwenye jua la Dar.

Sasa shika boksi la taa uligeuze. Kuna namba mbili za kutafuta. Ya kwanza ina K mwishoni: 3000K ni ile ya manjano ya hotelini, 6500K ni nyeupe ya kupiga macho ambayo mafundi wetu wanaipenda kupita kiasi, na 4000K ipo katikati, ndiyo ya ofisi. Ya pili imeandikwa Ra au CRI, ndiyo inayosema taa inaonyesha rangi za vitu kwa ukweli kiasi gani, na kikomo chake ni 100. Taa nyingi za ofisi ni 80, na hapo ndipo wengi tunapoumizwa. Hiyo Ra ni wastani wa rangi nane za majaribio, zote zimepauka kidogo, na nyekundu iliyokolea haimo. Nyekundu hupimwa mbali, wanaiita R9. Kwa hiyo taa inaweza kupata 80 yake safi huku inaua nyekundu kimyakimya. Kama nembo yenu ni nyekundu, damu ya mzee au chungwa iliyoiva, tafuta 90 kwenda juu, na R9 ikiwa imeandikwa, isome. Wenye bluu wana nafuu.

Halafu jaribu. Omba kipande cha jipsamu kwa mafundi, kipake mara mbili, kisimamishe palepale kitakapokuwa ukuta. Kitazame asubuhi, kitazame mchana, kisha rudi saa moja usiku taa zikiwa zimewaka. Ukilala nacho siku mbili hupotezi kitu. Mimi sikulala nacho.

Haya, tupange njia nne za kuuvalisha ukuta. Kanuni yangu baada ya aibu ile ni kwamba rangi ya kampuni iwekwe kwenye kitu kimoja tu. Kikiwa kimoja, hakina wa kugombana naye.

Ya kwanza: rangi iliyochanganywa kwa mashine, na herufi nyeupe za akriliki

Ukuta ubebe rangi, herufi zinyamaze. Nyeupe haikugombanishi na mtu. Na nasema wazi, napenda Plascon, wale ambao wengi wetu bado tunawaita Sadolin ingawa biashara ilibadili mwenyewe mwaka 2017. Hawanilipi hata kopo. Ninachokipenda ni kwamba kopo langu lilitoka na karatasi ya mchanganyiko juu ya mfuniko, nikaipiga picha, na miezi sita baadaye kiti kilipochubua ukuta nikarudi na picha ile nikapata rangi ileile, hakuna anayeona palipozibwa. Fundi wa "nitakuchanganyia mwenyewe" hana karatasi. Ana jicho, na jicho lake wiki ijayo litakuwa kazini Kibaha.

Chukua isiyong'aa sana. Ukuta unaong'aa ukimulikwa na taa ya dari unatoa michirizi myeupe, na kila wimbi la kuskimu vibaya linaonekana.

Jambo jingine kwenye hili. Usimpelekee muuza rangi nembo kwenye simu. Kioo cha simu kinatoa mwanga, rangi haitoi, na kila simu ina mwangaza wake. Mwombe aliyewachorea nembo akupe namba ya Pantone, hiyo ni lugha ya wachapaji, halafu dukani mtafute inayoikaribia kwenye kadi zao. Kwa vitu vya chuma wanaozungumza kwa uhakika ni watu wa RAL, utaratibu wa Kijerumani wa kuzipa rangi namba, wa tangu 1927, ulioanza na rangi 40 na sasa ni zaidi ya 200. Damu ya mzee yetu inaangukia jirani na RAL 3005. Namba hiyo nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya kabati la vifaa, maana najua siku moja nitaondoka na mwenzangu ataanza kubahatisha.

Ya pili: mbao za mninga na herufi za stenlesi

Hii ni ya wenye subira. Mninga una wekundu wake wa asili, hautaki nembo yoyote imwagwe juu yake. Keko wanakuchongea vizuri, herufi utazipata Gerezani, na ukuta wako utasema kampuni ni ya wapi bila kupiga kelele. Na kampuni zinabadilika. Waliokuwepo wanakumbuka Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel 2010, na mwisho wa 2024 tukaamka Tigo inaitwa Yas. Kila mara ni makopo na ngazi. Mwenye mninga anang'oa herufi, anaweka nyingine.

Shida ni mbao mbichi. Ukiuziwa mbichi ukaifungia kwenye chumba cha kiyoyozi, itajikunja na kuachia nyufa. Muulize fundi imekaushwa muda gani, na akijibu haraka sana mwulize tena.

Isipotimia 90 ile ya taa, mninga nao unakuwa kama boksi la katoni. Usidhani mbao zinakuokoa.

Ya tatu: herufi zenye taa ndani

Usiku zinapendeza, siwezi kukataa. Mchana zinakaa kama meno ambayo hayajapigwa mswaki. Na siku taa za herufi moja zikifa, mnakuwa kampuni nyingine: nimeshapita mahali SALAMA inasomeka SA AMA, na mlinzi kaketi chini yake hana habari. Ukizichukua, hakikisha zinafunguka bila kubomoa ukuta.

Ya mwisho: stika na paneli za plastiki (PVC)

Ni rahisi. Zinakaa ukutani. Stika nyekundu kwenye kioo kinachopigwa na jua la jioni itapauka.

Sasa niseme lililo moyoni kuhusu maduka. Swali la kwanza utakaloulizwa ni "Ya nyumbani au ya kampuni?" Jibu lako ndilo bei. Nilikwenda duka moja Kariakoo nimevaa kitambulisho cha ofisi shingoni, nikatajiwa bei ya taa. Mdogo wangu akaenda kesho yake na kandambili, taa ileile, bei imeshuka karibu theluthi. Halafu mnakubaliana, unatoa pumzi, unaambiwa hiyo ilikuwa bila risiti. Ukitaka ya mashine ongeza VAT, asilimia 18 juu. Sasa mimi mhasibu wangu nimpelekee nini, picha ya taa? Omba profoma, yaani ankara ya awali, yenye VAT ndani kabla hujaanza kubembelezana bei. Wakikataa, maduka yako mengi.

Na muuzaji nilipomuuliza Ra ya taa zake, akaliangalia boksi, akaniangalia mimi, akasema: "Dada, taa ni taa." Boksi halikuwa na namba yoyote isipokuwa wati. Nilizinunua kumi na mbili.

Zile kumi na mbili nimezitoa, zipo stoo na jikoni, ambako hakuna nembo ya kulindwa. Mapokezi nimefunga sita za Ra 90 na ushee, 4000K, na jumla yake haikufika nusu ya nilicholipia herufi. Ukuta umerudi damu ya mzee, mchana na usiku. Herufi nimezipulizia nyeupe. Viti ndivyo vilivyonishinda. Chini ya taa mpya bado vina uzambarau wao, mdogo lakini upo. Nimevihamishia chumba cha bosi. Yeye anaondoka saa kumi.