Kusajili laini kwa alama za vidole, kwa sisi wabanguaji wa korosho

Mimi nabangua korosho huku Newala, kwa mkono, mwaka wa kumi na moja ulikuwa unaingia nilipokwenda kusajili laini ya simu. Anayeijua kazi hii anayajua mafuta ya ganda: yakikugusa yanachoma, ngozi inababuka na kutoka. Tunapaka majivu lakini hayazuii yote. Gumba langu la kulia na kidole cha shahada vimekuwa laini kama kokoto ya mtoni.

Ilikuwa Januari 2020, mwisho wa usajili umesogezwa kutoka 31 Desemba hadi tarehe 20. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nilikuwa nayo, tarakimu zote 20, nimeziandika nyuma ya daftari la vikoba. Kijana wa wakala akaingiza, akasema weka kidole. Gumba likakataliwa. Cha shahada kikakataliwa. Mara ya tano akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Mama, hii namba ni yako kweli?"

Hilo liliniuma kuliko kurudi nyumbani bila kusajiliwa. Nusu ya ile foleni ni majirani zangu. Na laini yenyewe ndiyo napokelea malipo ya kazi, ndiyo mwanangu anatumia kunitumia hela ya dawa za bibi yake.

Siku ya tatu nikaenda kwa dada mmoja mwenye mwamvuli sokoni. Yeye aliishika kwanza mikono yangu, akaigeuza, akanitaka ninawe kwa sabuni. Akanipaka mafuta ya mgando kidogo sana, akafuta, kisha akakifuta kioo cha mashine pia. "Hivi vya kazi vimechoka, shangazi. Tutafute kisichofanya kazi." Kidole cha mwisho cha kushoto kikakubali mara moja.

Mfumo wenyewe naukubali. Wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" walimliza dada yangu, na aliyetuma ujumbe hakujulikana ni nani. Pia napenda kwamba napiga *106# nione laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Niliipiga jioni ile ile, maana nilikuwa nimebonyeza kidole mara nyingi mno kwa watu nisiowajua. Fanya hivyo na wewe.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezizuia kwa sababu kidole kikikataa pale mezani, sikuonyeshwa njia nyingine. India, kwenye Aadhaar, mfumo wao wa vitambulisho, wanachukua vidole kumi na mboni za macho yote mawili, basi kidole kikigoma jicho lipo. Mafuta ya korosho hayajanila macho.

Kama nawe unabangua, unachonga mawe au unafua nguo za watu, pumzisha mikono siku mbili tatu kabla ya kwenda, ngozi iote kidogo. Na mwambie wakala mapema aanze na vidole vya mwisho.