Saa ya kuzamia iliyoungwa Makoroboi

Fundi saa wa Makoroboi, hapa Mwanza, aliniungia saa ya kuzamia yenye sura ya Seiko 62MAS ya mwaka 1965, kwa kasha jipya, uso na mishale ya mitumba, na mashine ya NH35 ambayo, tofauti na mashine ya 7S26 niliyompelekea mwanzoni, hutiwa ufunguo kwa mkono na husimamisha mshale wa sekunde kitufe kinapovutwa. Mishale aliipanga kwa ustadi usio na dosari. Maji ndiyo yaliyomshinda: hakuwa na kifaa cha kupimia shinikizo, akaurudisha mpira wa kifuniko uliokwisha kukakamaa, na baada ya kuogelea ziwani, Capri Point (kichocho sikukifikiria) kioo kikaingia ukungu. Mpira aliubadilisha bila malipo. Hata hivyo, ziwani siingii nayo.