Perkins Brailler katika darasa la kawaida: maoni ya mzazi

Binti yangu haoni, na anasoma darasa moja na watoto wanaoona. Anaandikia Perkins Brailler, taipureta ya nukta nundu (maandishi ya wasioona, yenye nukta zilizoinuka zinazosomwa kwa vidole) iliyobuniwa na David Abraham, mwalimu wa Perkins School for the Blind nchini Marekani, na ambayo imetengenezwa tangu 1951.

Kama chombo, naisifu bila kusita. Vitufe sita ni vya nukta, na kengele hulia mstari ukikaribia kwisha. Kubwa zaidi, nukta huchomoza juu ya karatasi, kwa hiyo anasoma papo hapo alichoandika. Kwa kibao na msumari wa kutobolea alikuwa anaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha anageuza karatasi ndipo ajue amekosea wapi. Ni ya chuma, haivunjiki ovyo.

Kasoro zake ni uzito, karibu kilo 5, na kelele. Hiyo kelele ndiyo iliyotuumiza. Wenzake walilalamika, mwalimu akamhamishia pembeni, peke yake, "asiwasumbue." Tangu hapo kazi za vikundi zikawa zinampita. Hakuna aliyemchukia, alikuwa mbali tu, na mtoto asiyeona hawezi kukonyezana na mtu kutoka upande wa pili wa chumba. Madaftari yake nayo yalisubiri mtaalamu wa nukta nundu aje kuyasahihisha, wakati wenzake wameshasahau hilo somo.

Nilikunja blanketi nene, tukaliweka chini ya mashine. Kelele ikapungua sana. Mwalimu aliyefuata akamrudisha katikati, akamwomba amchapie kila mtoto jina lake. Watoto waligombania zile karatasi! Mwalimu mwenyewe akaanza kujifunza kusoma nukta kwa macho, jambo linalowezekana kabisa: herufi a mpaka j hutumia nukta nne za juu tu, na tarakimu ni herufi hizohizo zikitanguliwa na alama ya namba. Hesabu sasa anamsahihishia palepale.

Mashine inunueni. Ila kabla ya kulipa, ulizeni shuleni mtoto atakaa wapi, nani atasoma kazi zake, na kama itapatikana kabati ya kufungia mashine ili asiibebe kila siku. Pia mtafuteni fundi mapema. Vumbi likiingia, vitufe hukwama.