Lebo nzito, maelezo ya kawaida: Word na LibreOffice kwenye vichwa vya majedwali

Anayepokea tasnifu kwenye steshenari za Mwanjelwa au jirani na vyuo vya Iringa analijua sharti hili: "Jedwali 4.2:", yaani lebo, iwe na herufi nzito, na maneno yanayofuata, tuseme "Uzalishaji wa viazi mviringo katika kata ya Isongole", yawe ya kawaida. Jedwali likiwa moja, Ctrl+B inatosha. Tasnifu ikiwa na vichwa 60, na msimamizi akairudisha mara tatu, mkono hautoshi. Nimeitumia Word ya 2010, ya 2016 na ya 2019, na LibreOffice Writer, programu ya bure ya kuandikia, kwa kazi hii hii.

Kwa sharti hili peke yake, LibreOffice ndiyo iliyofikiriwa vizuri. Bofya jedwali kwa kitufe cha kulia, chagua Insert Caption, kisha Options, na humo kuna sehemu iitwayo Character style. Weka Strong Emphasis, staili ya herufi nzito. Lebo na namba vinakolea, maelezo yanabaki kama yalivyo. Ukitaka iwe hivyo daima, nenda Tools, Options, LibreOffice Writer, AutoCaption, uweke staili hiyo hiyo kwa majedwali na kwa picha. Dakika mbili, hakuna makro (programu fupi inayorudia kazi kwa niaba yako). Kasoro yake iko kwenye picha: Writer huifunga picha pamoja na kichwa chake ndani ya fremu, na ukihifadhi kama docx, fremu hiyo huingia Word ikiwa kisanduku cha maandishi. Hilo lina gharama yake, nitalirudia.

Word haina sehemu hiyo. Staili ya Caption ni ya aya nzima: ama yote inakolea, ama hakuna kinachokolea. Dirisha la Insert Caption linakuruhusu kuunda lebo mpya kama "Jedwali" au "Kielelezo" na kuamua namba ianze na namba ya sura, lakini uzito wa herufi haliuulizi. Kwa programu ya kulipia, hapo naipunguzia nyota.

Dawa yake ni staili ya herufi, inayogusa maneno uliyoyateua tu, siyo Ctrl+B. Fungua paneli ya staili kwa Ctrl+Alt+Shift+S, bofya New Style, iite "Lebo", kwenye Style type chagua Character, weka Bold, basi. Kabla ya kuitumia, ikague staili ya Caption yenyewe. Kwenye Word ya 2007 na 2010, Caption huja ikiwa nzito, pointi 9, rangi ya bluu. Kuanzia 2013 huja ikiwa na herufi za mlalo (italiki). Hapa ndipo wengi hukwama: uzito wa staili ya herufi ukiwekwa juu ya staili ya aya ambayo tayari ni nzito, vinafutana, na lebo inageuka nyepesi huku maelezo yakibaki mazito. Word haijaharibika, inauchukulia uzito kama swichi ya taa, ukiibonyeza mara mbili inazima. Ondoa uzito na mlalo kwenye Caption kwanza, halafu ndipo ulete "Lebo".

Ctrl+B ina ubovu mwingine. Ukiirudishia aya staili ya Caption, Word hufuta mapambo ya mkono pale yanapochukua zaidi ya nusu ya maandishi, na huyaacha yakiwa chini ya nusu. Kwa hiyo "Jedwali 4.3: Umri" linapoteza uzito, wakati jedwali la viazi hapo juu linabaki nao. Mteja anaona faili moja, vichwa viwili tofauti, anadhani umezembea.

Kwa kazi ndogo, au ukiwa unaandika kuanzia mwanzo, Alt+F3 inatosha. Tengeneza kichwa kimoja kamili kwa Insert Caption, koleza lebo kwa staili yako hadi kwenye nukta mbili, kisha baada ya nafasi andika neno lolote la kawaida, mfano "andika". Teua aya yote pamoja na alama yake ya mwisho, bonyeza Alt+F3, ipe jina "jdw". Baada ya hapo unaandika jdw, unabonyeza F3, kichwa kinatokea, unalifuta lile neno kwa kuandika juu yake. Neno hilo lina kazi: bila hilo, utakachoandika baada ya nukta mbili kitarithi uzito wa lebo. Namba zikirudiarudia, Ctrl+A halafu F9.

Tasnifu iliyokwisha kuandikwa inahitaji makro. Alt+F11, Insert, Module, bandika hii:

Sub KolezaLebo()
Dim p As Paragraph, r As Range
For Each p In ActiveDocument.Paragraphs
If p.Style = "Caption" Then
Set r = p.Range
r.Find.ClearFormatting
r.Find.Text = ":"
r.Find.MatchWildcards = False
r.Find.Wrap = wdFindStop
If r.Find.Execute Then
r.Start = p.Range.Start
r.Style = "Lebo"
End If
End If
Next p
End Sub

Funga dirisha, bonyeza Alt+F8, iendeshe. Zipo makro nyingine zinazotafuta nukta mbili kwa InStr kisha kuhesabu herufi. Usizitumie. Namba ya jedwali ni fildi, yaani sehemu ambayo Word huijaza yenyewe, yenye msimbo uliofichwa, kitu kama SEQ Jedwali \* ARABIC. Maandishi unayoyaona hayauhesabu msimbo huo, lakini nafasi ndani ya hati zinauhesabu. Matokeo yake uzito unaishia katikati ya lebo. Find haina tatizo hilo. Na kwa kuwa staili inaifunika fildi nzima, msimbo wake ukiwemo, uzito haupotei ukibonyeza F9.

Makro hii inapita kimya mahali patatu. Pa kwanza, kichwa kilichobandikwa kutoka faili la mtu mwingine kikiwa na staili ya Normal badala ya Caption. Pa pili, vichwa vya picha vilivyo ndani ya visanduku vya maandishi, vikiwemo vile vya LibreOffice, kwa sababu orodha ya aya za hati haifiki humo. Mimi huiweka picha "In Line with Text" na kukitoa kichwa nje kiwe aya ya kawaida. Pa tatu ni chuo kinachotaka nukta moja badala ya mbili. Ukibadilisha ":" kuwa "." tu, "Jedwali 4.2." litakolea hadi "4." na kuishia hapo. Weka nukta ikifuatiwa na nafasi, ". ".

Lebo zikishakolea, usifunge faili. Sehemu mbili za hati huiga uzito huo. Kila palipoandikwa "kama Jedwali 4.2 linavyoonesha" kwa Cross-reference (rejeo linalojisasisha), maneno "Jedwali 4.2" yatakolea katikati ya aya mara fildi zikisasishwa, maana fildi ya REF hubeba sura ya kile inachokirejelea. Inazuiwa kwa swichi ya \* CHARFORMAT, inayoiamuru fildi ifuate sura ya herufi ya kwanza ya msimbo wake wenyewe:

Sub TuliaRejeo()
Dim f As Field
For Each f In ActiveDocument.Fields
If f.Type = wdFieldRef Then
If InStr(f.Code.Text, "CHARFORMAT") = 0 Then
f.Code.Text = f.Code.Text & "\* CHARFORMAT "
End If
f.Code.Font.Bold = False
f.Update
End If
Next f
End Sub

Haigusi tanbihi, marejeo yaliyomo humo yarekebishe kwa mkono, kwa kawaida ni machache.

Sehemu ya pili ni orodha ya majedwali kule mbele. Nayo inauchukua uzito wa lebo, na kubadilisha staili ya Table of Figures hakusaidii. Nimeshindwa kupata njia safi ndani ya Word. Ninachofanya ni kuisasisha orodha yote mwishoni kabisa, kuiteua, kubonyeza Ctrl+Space, na kuanzia hapo kuchagua "Update page numbers only" peke yake. Ukichagua "Update entire table", uzito unarudi na unaanza upya.

Style Separator, yaani Ctrl+Alt+Enter, husifiwa sana kwa kazi hii, lakini si hapa pake. Inaweka alama ya aya iliyofichwa kati ya lebo na maelezo ili kila upande uwe na staili yake, matokeo yake orodha ya majedwali inabaki na "Jedwali 4.2:" bila jina. Inafaa pale kichwa kinapofuatwa na ufafanuzi mrefu usiotakiwa kwenye orodha: ikae baada ya jina, siyo baada ya lebo.

LibreOffice naipa nyota 4 kati ya 5 kwa majedwali, 2 kwa picha ikiwa faili litaishia Word. Word ni 3, na ni kwa sababu ya makro. Makro zihifadhi kwenye Normal.dotm, kiolezo cha Word cha kompyuta yako, siyo ndani ya faili la mteja: docx haibebi makro, na docm (faili la Word lenye makro) iliyopakuliwa kwenye barua pepe Word mpya huizuia hadi mtu aende Properties na kuweka tiki kwenye Unblock. Staili ya "Lebo" yenyewe husafiri na hati, kwa hiyo mteja akifungua laptopu yake Tukuyu au Mafinga atavikuta vichwa kama ulivyoviacha.