Kibofu kimoja, nimelipishwa mara mbili

Kama mkojo haujawahi kukuziba, usinifundishe subira. Juzijuzi nilifika mapokezi ya hospitali moja usiku nimejikunja, chini ya kitovu pamevimba na kukaza kama ngoma iliyowambwa. Tangu asubuhi sijatoa hata tone. Kijana wa dirishani hakuinua macho. "Mzee, lipia faili kwanza." Nikamwambia, mjukuu wangu, nakufa hapa. "Wote hapa wanaumwa, mzee." Mwanangu akakimbia huku na huko na karatasi, mimi nimeegemea ukuta, jasho linanidondoka mpaka kwenye kope.

Nesi alipoingiza mpira wa kutolea mkojo kwenye kibofu, mkojo ulimiminika ukapita lita moja. Kibofu kwa kawaida kikifika nusu lita hivi kinadai choo, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Raha ile siwezi kuieleza mbele za watu. Kwa dakika zile nilikuwa tayari kumsamehe hata yule wa dirishani.

Msamaha wenyewe haukudumu. Asubuhi daktari alipita kama anawahi basi, akaagiza mpira utolewe, niende nyumbani. Hakuuliza nameza dawa gani, hakuniandikia kitu, hakusubiri aone kama naweza kukojoa. Jua halijazama nimeziba tena! Dirisha lile lile, kijana yule yule: "Faili jipya, mzee. Lile la jana limeshafungwa." Mpira, mfuko, glavu, jeli, kitanda, kumwona daktari, vyote vikalipiwa upya, utadhani nimekuja na kibofu kingine. Haraka yao, bili yangu.

Nesi wa zamu hiyo ya pili ndiye aliyeuliza swali la maana. "Baba, ulikuwa na mafua?" Nilikuwa nayo. Kumbe vidonge vya kuzibua pua, kwa mwenye tezi dume iliyopanuka kama mimi, vinaweza kukaza shingo ya kibofu, mkojo ukagoma. Akanieleza kwamba mara nyingi mtu huachiwa mpira siku mbili tatu huku akimeza dawa ya kulegeza misuli ya hapo, kama tamsulosini, kisha mpira hutolewa na haruhusiwi kuondoka mpaka aonekane amekojoa. Akanionyesha na mfuko: uning'inie chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, bomba lisijikunje. Maelezo ya dakika tano. Hayo tu ndiyo sikulipishwa, na ndiyo yangenisaidia tangu jana yake.

Haya, haki ya mtu nisiinyime. Siku ya tatu mpira ulitoka, nikanywa maji, nikakojoa, kidogo nipige vigelegele chooni. Nilikuwa nimepania kuandika kwamba asiende mtu pale, sasa mkono unasita. Yule dada anajua kazi. Halafu naikuta risiti ya pili mfukoni, moto unaniwaka upya.

Ukilazimika, nenda na kila kidonge unachomeza, hata cha mafua, uwawekee mezani bila kusubiri kuulizwa. Na wakitaka kukutoa mpira, kataa kuondoka kabla hujakojoa. Au tafuta kwingine, mimi sijui. Wiki ijayo narudi kupimwa tezi. Nimepiga simu kuuliza utaratibu, wakaniambia nianzie dirishani, nifungue faili.